Kuimba Sala ya Mwingine

Katika madarasa ya lugha, hasa ya watu wazima, kuna zoezi linalopendwa na walimu kwa sababu halihitaji kitabu. Kila mwanafunzi huleta wimbo anaoupenda kutoka kwao, akawasikilizisha wenzake, kisha akaueleza kwa lugha inayofundishwa. Nchini Ujerumani, ambako tangu mwaka 2005 wahamiaji husoma kozi maalumu ambayo kwa kawaida huwa na vipindi 600 vya lugha, darasa moja linaweza kuwa na Msyria, Mweritrea, Mwafghani na Myukraine, na nyimbo zikasafiri kutoka Aleppo hadi Asmara kabla ya kengele kulia. Faida zake kwa lugha zinafahamika. Kiitikio hurudia muundo uleule wa sentensi bila kumchosha mtu, mapigo huzishika silabi zikakaa mahali pake, na mwanafunzi mwenye haya hupata ujasiri kwa kuwa siku hiyo anazungumzia kitu anachokijua kuliko mwalimu.

Lakini nyimbo zenyewe zikitazamwa kwa makini, nyingi hazikutungwa kwa burudani. Mtu akiulizwa wimbo ulio karibu na moyo wake, mara nyingi hutaja ule alioukuta nyumbani akiwa mdogo, na kwa sehemu kubwa ya dunia nyimbo za namna hiyo zilitoka kanisani, chuoni au hekaluni: kaswida, tenzi, bhajan za Wahindu, nyimbo za Krismasi. Walimu nao hufanya vivyo hivyo, pengine bila kukusudia. Ikifika Desemba, mwalimu wa Kijerumani hufundisha “Stille Nacht”, ulioimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818. Mwalimu wa Kiingereza huchagua “Amazing Grace”, wimbo wa John Newton, nahodha wa meli za watumwa aliyekuja kuwa kasisi, au “Morning Has Broken”, ambao Eleanor Farjeon aliuandikia kitabu cha nyimbo za kanisa mwaka 1931, miaka 40 kabla Cat Stevens hajaupeleka redioni. Hata “Kumbaya”, unaodhaniwa kuwa wimbo wa watoto kambini, ni ombi la watu weusi wa pwani ya kusini-mashariki ya Marekani wakimsihi Mungu aje kwao. Rekodi yake ya zamani ilifanywa Georgia mwaka 1926. Wanafunzi wa Kiingereza wasio na idadi wameomba dua hizi bila kuambiwa kwamba ni dua.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo vitabu vya ualimu hulipita kimyakimya. Mtu anayeimba sala ya mwingine ili ajifunze lugha, je, amesali? Na ikiwa hajasali, amefanya nini?

Jibu la haraka ni kwamba hajasali kwa sababu haelewi anachokisema. Jibu hilo ni dhaifu, na pwani ya Afrika Mashariki inatosha kulipinga. Maulidi ya Barzanji, yaliyoandikwa kwa Kiarabu na Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, husomwa kuanzia Lamu hadi Kilwa na watu ambao wengi wao hawawezi hata kuagiza chai kwa Kiarabu. Hakuna anayesimama katikati ya hadhara na kusema kwamba swala na salamu zao kwa Mtume hazikufika. Wakatoliki walikuwa na hali kama hiyo hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1963 ulifungua mlango wa lugha za wenyeji katika liturujia. Miaka mitano kabla ya hapo, huko Kamina, Katanga, padri Guido Haazen aliongoza kwaya ya wavulana na walimu wao kuimba Misa Luba: maneno ya Kilatini yakiwa yale yale ya Roma, mahadhi na ngoma zikiwa za Kikongo. Waimbaji walijua wanafanya nini, hata kama sarufi ya Kilatini ilikuwa kazi ya padri.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametenga katika Ihyaa Ulumid-Din kitabu kizima kuhusu adabu za kusikiliza nyimbo. Humo mna habari ya Mwajemi aliyesikia ubeti wa mapenzi wa Kiarabu. Kiarabu hakijui, lakini masikio yake yaliyashika maneno kwa sauti za Kiajemi, akasikia kana kwamba watu wote wako ukingoni mwa mauti, akapandwa na jazba. Mwandishi mwingine angemcheka. Ghazali anasema jazba hiyo ni ya kweli, kwa maana si lazima anachokielewa msikilizaji kilingane na alichokikusudia mshairi. Kwake yeye wimbo hauingizi moyoni kitu kisichokuwemo. Huchochea tu kile kilichomo. Ndiyo maana hukumu yake kuhusu muziki haiwi moja kwa watu wote, bali hutegemea ni nani anayesikiliza, wakati gani, na pamoja na akina nani.

Karne saba kabla yake, Augustino wa Hippo alisumbuliwa na upande wa pili wa jambo hilo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anakiri kwamba zipo nyakati ambapo sauti ya mwimbaji humgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na nyakati hizo hujiona ametenda dhambi. Augustino alielewa kila neno la zaburi, na bado akaogopa kwamba hakuwa akisali. Ukiwaweka wawili hao pamoja inaonekana wazi kwamba ufahamu hautoshi kuifanya sala iwe sala, wala kukosekana kwake hakuibatilishi.

Kinachobaki ni nia. Mafakihi wamelishughulikia jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Hadithi inayoambatanisha matendo na nia ndiyo inayofungua mkusanyo wa Bukhari. Mtu aliyeshinda njaa kutoka alfajiri hadi magharibi kwa kukosa chakula hajafunga, ijapokuwa kwa macho hana tofauti na aliyefunga. Kanisa Katoliki nalo hudai kwamba anayetoa sakramenti awe na nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hulitenda. Kwa kipimo hicho mwanafunzi anayeimba “Stille Nacht” ili ashike matamshi ya Kijerumani hajasali, kama vile mwigizaji anayefunga ndoa jukwaani asivyorudi nyumbani na mke.

Mfano huo wa jukwaa ndio alioutumia mwanafalsafa wa Oxford J. L. Austin katika mihadhara yake ya Harvard ya 1955, iliyochapishwa 1962. Austin alionyesha kwamba maneno mengi hayaelezi jambo bali hulitenda: kuahidi, kuapa, kubatiza, kuoa. Kisha akaongeza kwamba maneno hayo yakitamkwa na mwigizaji, au ndani ya shairi, huwa matupu kwa namna ya pekee. Darasa la lugha, kwa mtazamo huu, ni jukwaa. Katika zoezi la mazungumzo mwanafunzi huahidi, huomba radhi na hutoa rambirambi mara kumi asubuhi moja, na hakuna anayemdai.

Hoja hii ni nzuri, lakini imepita haraka mno mahali pamoja. Jacques Derrida, katika mhadhara aliousoma Montreal mwaka 1971, alimjibu Austin kwamba neno lisiloweza kurudiwa nje ya mahali pake halifai hata hapo mahali pake. Kurudiwa ndiko kunakolifanya liwe neno. Derrida si mwandishi rahisi, na ubishani uliofuata ulikuwa mkali kuliko ulivyostahili, ila kuhusu sala maisha yenyewe yanamuunga mkono. Hakuna aliyezaliwa akijua kusali. Mtoto wa chuoni hukariri Fatiha kabla ya kujua maana yake. Mtoto wa shule ya Jumapili huimba kwa sababu ameambiwa aimbe. Kwaya inapofanya mazoezi Alhamisi jioni, mwalimu huikatiza katikati ya jina la Mungu kwa kuwa sauti ya tatu imeshuka, na hakuna anayeona kwamba Mungu amekatizwa. Hata hivyo wanakwaya wengi watasema kwamba mara nyingine sala huwakuta papo hapo mazoezini, katika ubeti waliourudia mara ya sita. Nia haina saa maalumu ya kuwasili.

Matokeo yake kwa darasa ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Tendo ni la mtu, halimo ndani ya wimbo wenyewe. Mweritrea wa Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo anapowaimbia wenzake wimbo wa sikukuu, huenda yeye anasali, aliye kulia kwake anahesabu silabi, na mwalimu anatafuta kitenzi cha kuandika ubaoni. Wote wamo chumba kimoja na wimbo ni mmoja. Mwalimu hawezi kuhakikisha kwamba hakuna anayesali, kama asivyoweza kumlazimisha mtu asali.

Wasemaji wa Kiswahili wana mfano wao wenyewe wa jambo hili, na ni mfano wa ajabu. Mwaka 2005 mtunzi wa Kimarekani Christopher Tin aliuandikia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV wimbo wa utangulizi, “Baba Yetu”. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ile ya sura ya sita ya Injili ya Mathayo, na kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Talisman, ndiyo iliyoiimba. Mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kati ya nyimbo za michezo ya kompyuta kufika hapo. Tangu wakati huo umeimbwa na kwaya za shule na vyuo katika nchi nyingi, na kwa baadhi ya waimbaji hao ndiyo maneno pekee ya Kiswahili waliyowahi kutamka.

Sasa hali hiyo ilinganishwe na sheria ya nchi alikotoka mtunzi. Juni 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba shule za umma haziwezi kuwaongoza wanafunzi asubuhi katika kusoma Biblia na kutamka Sala ya Bwana, hata kama asiyetaka anaruhusiwa kutoka nje. Majaji waliacha wazi mlango wa kusomesha dini kama sehemu ya historia na fasihi, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikakubali nyimbo za Krismasi katika matamasha ya shule za Sioux Falls, Dakota Kusini, kwa sababu ni sehemu ya urithi wa utamaduni. Basi sala ambayo mwalimu wa shule ya umma amekatazwa kuiongoza asubuhi kwa Kiingereza huimbwa jioni kwa Kiswahili katika ukumbi wa shule hiyohiyo, na wazazi wanapiga makofi.

Je, huo ni unafiki? Kwa sehemu kubwa si unafiki. Makofi yenyewe yanathibitisha kwamba lililotendeka ni onyesho. Lakini ipo sehemu isiyo safi. Utulivu wa ukumbi ule unatokana na jambo jingine pia, kwamba wasikilizaji hawaelewi. Sala hiyohiyo ikiimbwa kwa Kiingereza, neno kwa neno, huenda mzazi mmoja au wawili wakaandika barua. Kiswahili kimetumika kama pazia, na wanaokijua wako upande wa ndani wa pazia hilo. Mkristo wa Mwanza anayesikiliza anaisikia sala aliyofundishwa kwao. Mwislamu wa Tanga akiwa ndani ya kwaya hiyo anakutana na tatizo kwenye neno la kwanza kabisa, kwa kuwa imani yake haimwiti Mungu baba. Kijana wa Wisconsin aliyesimama kando yake hana tatizo lolote. Anaimba vokali.

Basi ufahamu unarudi, lakini kwa kazi nyingine. Ufahamu hauifanyi sala kuwa sala. Humtwisha mtu dhamana ya anachokisema. Asiyejua maana ya maneno hawezi kulaumiwa kwa kuyatamka, wala hawezi kusifiwa. Anayejua lazima aamue: ayatamke kama yake, ayatamke kama ya mwenzake, au anyamaze. Ukumbi wa tamasha unaweza kuukwepa uamuzi huo kwa kutotafsiri. Darasa la lugha haliwezi, kwa kuwa kutafsiri ndiyo kazi yake. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuimba vokali, somo likifaulu, atamaliza akiwa anaelewa kwamba anamwomba Mungu fulani jambo fulani. Kila zoezi linavyozidi kufanikiwa kama somo, ndivyo linavyozidi kuwa gumu kama jambo la dhamiri.

Darasa lina kitu kimoja ambacho redio, santuri na simu hazina: mwenye wimbo amekaa pale pale kitini. Nyimbo zinazosafiri bila wenyewe hupatwa na mengi. Wimbo wa Kijapani wa mwaka 1961, “Ue o Muite Arukō”, unaeleza mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Mwandishi wake, Rokusuke Ei, aliutunga kwa uchungu baada ya maandamano ya kupinga mkataba wa kijeshi na Marekani kushindwa. Ulipofika Uingereza na Marekani uliitwa “Sukiyaki”, jina la mchuzi wa nyama, na kwa jina hilo ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963. Darasani jambo kama hilo lingezuiwa na mtu mmoja kunyoosha mkono. Ndiyo maana swali la kwanza la mwalimu linafaa kuwa juu ya kazi ya wimbo huko kwao, yaani unaimbwa lini, na nani, na je, wageni huuimba, kabla hajafika kwenye msamiati.

Maswali hayo matatu huondoa makosa mengi. Mwislamu akileta kisomo cha Kurani cha msomaji anayempenda, hajaleta wimbo, hata kama masikio ya mgeni yanasikia mahadhi. Kukiweka kwenye orodha ya nyimbo ni kumkosea. Karatasi ya maneno yenye mapengo ya kujaza, chombo cha kawaida kabisa cha somo la aina hii, inaweza kuwa na jina la Mwenyezi Mungu, na baada ya kipindi ikaishia kwenye pipa la taka mbele ya mtu aliyelelewa kutoikanyaga karatasi ya namna hiyo. Kuikusanya hakugharimu chochote. Tena wapo ambao kwao tatizo ni muziki wenyewe. Wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana kuhusu ala tangu zamani, na Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alizikataa kama dhaifu hadithi zinazotajwa kuuharamisha. Mwafghani aliyekimbia utawala wa Taliban, uliopiga marufuku muziki tangu 1996 hadi 2001 na tena baada ya 2021, anaweza kuwa na kiu ya kusikia rubabu. Mwenzake wa nchi hiyohiyo anaweza kuuepuka muziki kwa hiari na imani yake mwenyewe. Wote wawili wana haki ya kukaa darasani, na wa pili akileta ghani ya shairi isiyo na ala, zoezi halijaharibika.

Linabaki suala la kunyamaza, na hapa Tanzania inahusika moja kwa moja. Wimbo wake wa taifa ni sala. Mahadhi ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti nchini Afrika Kusini, aliyeutunga mwaka 1897 kama wimbo wa kanisa. Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili, na maneno hayo bado yanamwomba Mungu baraka. Katiba inasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na kila asubuhi ya shule watoto wake husimama mstarini wakamwomba Mungu kwa pamoja. Wengi hawaoni mgongano, na pengine ni kwa sababu sala ile haitaji mtume wala msalaba. Mashahidi wa Yehova waliuona, ingawa pingamizi lao lilihusu kulitukuza taifa. Wanafunzi wao waliokataa kuimba waliadhibiwa shuleni, wengine wakafukuzwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki.

Kesi iliyotangulia hiyo ilikuwa ya India. Mwaka 1985 watoto watatu wa familia ya Emmanuel katika jimbo la Kerala walifukuzwa shule kwa kutouimba wimbo wa taifa, ingawa kila siku walisimama kwa heshima wenzao walipokuwa wakiimba. Agosti 1986 Mahakama ya Juu iliamuru warudishwe. Majaji walisema kusimama kimya wakati wengine wanaimba si dharau, na kwamba uhuru wa kusema unabeba pia haki ya kutosema.

Ikiwa dola, yenye bendera na jeshi, imetosheka na mtoto anayesimama kwa heshima bila kufungua kinywa, mwalimu wa lugha hana msingi wa kudai zaidi. Anaweza kudai kwamba kila mmoja asikilize, aelewe maneno, na aweze kueleza mwenzake anaomba nini. Kuimba pamoja naye si sehemu ya mtihani.